Nimekaa tu, mbona moyo unakimbia?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma chuo hapa Dodoma, mwaka wa pili. Kaka yangu amenipa saa inayohesabu mapigo ya moyo, na tangu niivae sina raha. Nikiwa nimekaa darasani inasoma 104, siku nyingine 110. Ngazi za hosteli, ghorofa ya pili tu, nafika nahema. Nilipimwa presha ikawa 112 kwa 70, nikaambiwa niko sawa, nipunguze mawazo ya mitihani. Sinywi pombe, sivuti sigara. Usiku nikisoma natafuna mchele mbichi, basi. Je, nina ugonjwa wa moyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika si hiyo 104. Ni mchele.

Lakini kwanza vua saa. Kesho asubuhi, kabla hujashuka kitandani, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiganja, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Fanya hivyo asubuhi tatu, uandike. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukipata 75 kitandani na 104 darasani baada ya kahawa, sina shaka sana. Ukivuka 100 asubuhi zote tatu, kuna kitu kinausukuma moyo. Na presha kuwa nzuri si jibu: presha ni nguvu ya damu kwenye mishipa, mapigo ni hesabu nyingine.

Sasa mchele. Hamu ya kutafuna mchele mbichi, udongo au barafu huwapata sana watu waliopungukiwa madini ya chuma. Bila chuma mwili hautengenezi wekundu wa damu (himoglobini) wa kutosha, na wekundu ndio unaobeba oksijeni. Hapo moyo unakuwa kama mtoto aliyetumwa maji na kindoo kidogo: pipa ni lilelile, kwa hiyo atakwenda mbio na kurudi mara nyingi. Moyo wenyewe huenda ni mzima kabisa.

Hukugusia hedhi, nami nakuuliza bila haya, kwa sababu mabinti wengi hudhani damu nyingi ni kawaida ya ukoo wao. Inapita siku saba? Unabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Inatoka mabonge?

Nenda kituo cha afya uombe picha kamili ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, wekundu chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Wapime na mimba, na malaria kama una homa. Damu ikiwa nzuri, ifuate tezi ya shingo, hasa kama unakonda huku unakula na mikono inatetemeka, kisha ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Kuambiwa upunguze mawazo kabla hujatolewa hata tone la damu kunaniuma, maana nimewaona wengi walioishi hivyo miaka. Wasiwasi kweli hukimbiza moyo, ila utajwe baada ya vipimo.

Usijinunulie vidonge vya kuongeza damu kabla ya kupima. Ukiandikiwa, choo kitakuwa cheusi, usishtuke, na utaendelea kuvimeza miezi kadhaa hata ukishajisikia vizuri. Chai iache mbali na chakula kwa saa moja hivi, huzuia chuma kisiingie mwilini. Mchicha ukamulie ndimu. Dagaa na maini kula. Vinywaji vya makopo vya kukeshea mitihani acha kwa sasa.

Ukizimia, ukiumwa kifua, ukihema hali umetulia, au moyo ukianza kukimbia ghafla kama umewashwa swichi, usingoje hizo asubuhi tatu. Nenda hospitali saa hiyohiyo, ECG ipimwe moyo ukiwa bado unakimbia.

Majibu yakitoka niandikie namba ya wekundu wenyewe. Wakikuambia tu "kawaida", omba karatasi uisome.