Kaka anataka kuacha pombe huku akiendelea na kazi: msimkatishe ghafla

Dada wa Uyole, nimekuelewa: kaka yako anakunywa gongo na komoni kila siku, asubuhi mikono inatetemeka, naye anataka matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani ili asipoteze kazi. Inawezekana, lakini wazo lenu la kumfungia ndani wiki nzima bila pombe liacheni kabisa.

Mtetemeko ule ni ishara kwamba mwili umeshaitegemea pombe. Akikatishwa ghafla, degedege linaweza kumpata ndani ya saa 6 hadi 48. Kuweweseka na kuona vitu visivyopo huja zaidi siku ya 2 hadi ya 4, na huko watu hufa. Mpelekeni kwanza kitengo cha afya ya akili, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Semeni bila aibu anakunywa kiasi gani, na kama amewahi kupata degedege. Kama ndiyo, aanze akiwa amelazwa. Daktari anaweza kumpa diazepam, dawa ya kutuliza, kwa siku chache, dozi ikipunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Diazepam msiinunue wenyewe dukani: ikikutana na gongo, pumzi inaweza kukatika.

Mwili ukitulia ndipo ushauri unaanza. Mpango mzito wa matibabu ya kwenda na kurudi huwa na angalau saa 9 kwa wiki, kwa kawaida siku 3, kikundi na ana kwa ana. Ulizeni ratiba mapema aipange na zamu zake. Siku ya mshahara ndiyo ngumu, asiipitie peke yake. Methadoni ni dawa ya uraibu wa heroini, kwa pombe haisaidii.

Akianza kuweweseka, degedege au homa kali, mwahisheni hospitali usiku huohuo.