Re: Maziwa yanakatika kila nikichemsha

Mkuu umeuliza kwa nini maziwa ya wale jamaa wa baiskeli hapa Tabora yanakatika ukiyabandika tu, na kama mtoto anaweza kunywa. Yashachachuka hayo, bakteria wamekula sukari ya maziwa wakatoa asidi, yaani ng'ombe kakamuliwa alfajiri huko kijijini, maziwa yanakufikia saa nne na jua la Oktoba unalijua, tena ndani ya dumu lililokuwa la mafuta ya kula, unategemea nini? Mimi siku moja nililipasua dumu kwa kisu, pale kwenye kona ya mshikio kuna utando wa njano unateleza, mkono haufiki hata usugue vipi. Nikahamia kwa mama mmoja mwenye kopo la aluminiamu, bei imechangamka kidogo ila poa. Kuchemsha ni lazima, brusela (bakteria wa homa ya kutoka kwa mifugo) na TB ya ng'ombe zinakufa nyuzi 72 kwa sekunde 15 tu, sembuse yakitokota. Ila stafilokokasi, wale wa majipu, wakishazaliana sumu yao haiondoki kwa moto, so yaliyokatika mtoto usimpe kabisa. Mtindi nao chemsha kwanza ndo ugandishe, najua wazee watanicheka.