Maswali ya Wasomaji: Chumvi Ikigeuka Mvuke

SWALI: Ndugu mhariri, nasoma kemia hapa Mwanza. Tulipewa data ya spektrometa ya tungamo (chombo kinachopiga mvuke kwa elektroni na kupanga ioni kwa uzito) ya chumvi iliyopashwa nyuzi 600 za Selsiasi ndani ya seli ya Knudsen, yaani kikombe kilichofungwa chenye tundu dogo la kutolea mvuke. Vilele vipo kwenye tungamo 23, 58 na 81, na cha 23 ndicho kirefu kuliko vyote. Je, chumvi imevunjika ikawa sodiamu? Na chumvi inayotumiwa kwa kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi) katika soko la Mwaloni, Kirumba, inafaa kupimwa hivyo?

JIBU: Ndani ya seli haikuvunjika. Kinachotoka kwenye tundu ni molekuli za chumvi, NaCl, na jozi zake, Na₂Cl₂. Elektroni za spektrometa ndizo zinazovunja, mbele ya safari. NaCl nyingi hupoteza klorini na kubaki Na⁺, yaani 23. Zinazosalimika ndizo 58. Na₂Cl₂ ikipoteza klorini moja inakupa 81, na pembeni yake 83 kwa sababu ya klorini-37, aina nzito zaidi ya klorini. Uwiano wa 81 kwa 83 ukikaribia 3 kwa 1, kilele hicho ni cha chumvi kweli.

Hakikisha kwa kupunguza nishati ya elektroni taratibu. Atomu huru ya sodiamu hutoa ioni kuanzia elektronivolti 5.14. Na⁺ itokayo kwenye NaCl lazima kwanza kifungo kikatwe, hivyo huanza kuonekana karibu na 9.4. Bila jaribio hili, kilele cha 23 hakisemi lolote la kuaminika. Kila kipimo kirudie kilango kinachozuia mvuke wa tundu kikiwa kimefungwa, kisha toa tofauti: chumvi iliyoganda kwenye kuta huvukiza tena na kukudanganya.

Tundu la nusu milimita linatosha. Usipande kupita nyuzi 700, la sivyo molekuli zitaanza kugongana tunduni na hesabu ya Knudsen, inayokadiria kanieneo la mvuke kwa kinachotoka tunduni, itaharibika.

Chumvi ya Mwaloni inapimika, ila ina maji yaliyonaswa ndani ya punje. Ukiipasha kwa haraka inapasuka, vumbi linaziba tundu, na kanieneo linaonekana kushuka ghafla. Isage, ikaushe nyuzi 200 usiku kucha, halafu pandisha joto polepole katika ombwe. Ukiona 36 na 38, hiyo ni HCl kutoka kloridi ya magnesi yenye maji. 39 ni potasiamu, na 97 ni NaKCl⁺, yaani sodiamu, potasiamu na klorini kwa pamoja. Kwa kupima joto la mvukizo, yaani nishati inayohitajika kuivukiza, tumia chumvi safi tu.

SWALI: Seli ya grafaiti (kaboni) inafaa?

JIBU: Kwa chumvi, ndiyo. Kwa oksidi, hapana: kaboni huzinyang'anya oksijeni na kutoa CO. Huko tafuta kikombe cha metali ya iridiamu.