Jibu: Kununua fleti kwa hati ya kiwanja kizima
Salaam, ndugu. Unauliza kama nakala ya hati ya kiwanja kizima inatosha kukulinda unaponunua fleti Upanga, Dar es Salaam. Haitoshi. Kabla ya kulipa chochote, dai hati ya sehemu ya jengo, yaani hati ya umiliki wa fleti yenyewe, inayotolewa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, kisha uithibitishe kwa Msajili wa Hati, kama tulivyofanya tulipomnunulia mama yetu, kwa maana bila hati hiyo ni vigumu benki kuikubali fleti kuwa dhamana ya mkopo. Wazee wetu waliopanga katika majengo yaliyotaifishwa mwaka 1971 walihitaji mkataba na stakabadhi za kodi ya pango tu. Mnunuzi wa leo anaachiwa uchunguzi wote peke yake, na naona si haki. Mkataba wako sijauona, hivyo wakili aukague, hasa vifungu vya gharama za ngazi, lifti na maji.