Jibu: Mashine ya kukalia inaacha michirizi ya nyasi

Ndugu, nimekuelewa: ekari tatu, mashine ya kukata nyasi ya kukalia, ukimaliza kukata bado kuna michirizi ya nyasi zilizosimama, tena ule mteremko wa kwenye mtaro unakutia hofu. Michirizi hiyo ilinisumbua mimi msimu mzima.

Anza na upepo wa matairi. Tairi moja likilegea, visu vinainama upande mmoja, nawe utavilaumu bure. Kisha vinoe, ncha za nyasi zikichanika na kugeuka kahawia, ujue ni butu. Kabla ya kuingiza mkono huko chini, zima injini, toa ufunguo, chomoa waya wa plagi. Hapo hakuna mzaha.

Ukiwa kazini, injini ingurume kwa nguvu zote lakini mashine iende polepole. Wengi wetu hufanya kinyume. Kila mstari uulalie uliopita kwa kama sentimita 10. Nyasi zikirefuka sana, usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Inua visu, urudie baada ya siku chache. Zikiwa na umande, subiri.

Mteremkoni panda na kushuka wima, kamwe usikate kwa ubavu, wala usikate kona ghafla. Mteremko ukizidi nyuzi 15, iache mashine hiyo. Ukingo wa mtaro pia usiusogelee. Mashine ikipinduka inakulalia. Na usimpakate mtoto, hata akilia.

Michirizi ikibaki baada ya hayo yote, huenda ekseli ya kisu imepinda. Mwachie fundi.