Shangazi, tangu ile ajali silali

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwezi wa pili sasa tangu basi letu lipinduke tukitoka Dodoma, mi nilitoka na michubuko tu ila dada tuliyekaa naye siti moja alifariki palepale. Toka hapo usiku nashtuka, nikisikia harufu ya dizeli tu natapika, kazini naenda kwa miguu sipandi daladala. Mume wangu anasema nimshukuru Mungu nisahau, mama mkwe anasema nina jini. Najiuliza pia kwanini nilipona mimi. Ndo nachanganyikiwa?
Dada wa Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Huchanganyikiwi. Mtu akiponea chupuchupu mwili unabaki kwenye tahadhari kama vile bado yuko ndani ya lile basi, ndo maana dizeli inakurudisha kule kabla hata hujafikiri. Wiki za mwanzo hali hiyo ni ya kawaida na wengi hutulia taratibu, ila we umevuka mwezi na bado hulali, usisubiri tena. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia huduma za afya ya akili, sio za vichaa jamani, utaongea na mtaalamu hiyo ajali kidogokidogo mpaka ipungue makali. Dua endelea nazo, hazigombani na hospitali.

Nakuomba sana usijinunulie vidonge vya usingizi duka la dawa, utalala kweli ila hofu iko palepale na mwili unavizoea. Pombe hivyohivyo.

Daladala ukizidi kuikwepa hofu inazidi kukua. Anza kusimama tu kituoni na mtu unayemwamini, siku nyingine ingieni inayosubiri abiria mkae kidogo mshuke, baadae pandeni kituo kimoja, mchana. Moyo ukienda mbio kandamiza miguu chini, toa pumzi polepole, taja kimoyomoyo unavyoviona, konda, siti, duka la Mangi, akili ijue uko Morogoro na ni leo.

Kuhusu yule dada, hukuchukua nafasi yake, wala hukuchagua wewe nani apone. Kumlilia ni haki yako, na mumeo asikwambie usahau, akae akusikilize. Na ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu na uende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.