Kateni mapema: maswali yenu kuhusu kusimamia utengenezaji wa gemu kubwa

Barua nyingi safari hii ni za watu waliozoea timu ya watano, sasa wamejikuta wanaongoza hamsini. Nimechagua chache.

Tumechelewa miezi minne na bosi ameahidi kutuletea waprogramu kumi wapya. Tutawahi? (Msomaji, Nairobi)

Hamtawahi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo wa kuendeshea kompyuta, pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Nusu karne baadaye mabosi bado wanashangaa. Hao kumi hawatafundishwa na malaika. Watafundishwa na wale wale wachache wanaoijua kodi yenu (maandishi ya programu, si ya serikali), tena katika wiki zile zile mlizokuwa mnawategemea. Kama pesa ipo kweli, iombe iwe mishahara ya miezi minne ya timu uliyo nayo.

Prodyuza, yaani msimamizi wa mradi, lazima ajue kuandika kodi?

Si lazima. Lazima ajue kusema "nionyeshe ikifanya kazi", kisha anyamaze mpaka aonyeshwe.

Orodha yetu ina vitu zaidi ya mia mbili vya kuweka kwenye gemu. Tutajuaje cha kukata? (Msomaji, Dar es Salaam)

Mnajua tayari. Mnaogopa tu kumwambia aliyekibuni.

Kitu kikikatwa kikiwa bado kwenye karatasi, anaudhika mtu mmoja. Kikikatwa miezi miwili kabla ya gemu kutoka, wanaudhika mbunifu, msanii, mtia sauti na mtafsiri ambaye ameshalipwa. Halo 2 ilionyeshwa kwenye maonyesho ya gemu ya E3 mwaka 2003 watu wakapiga makofi, lakini injini (programu ya msingi inayoiendesha gemu) iliyobeba onyesho lile haikuweza kubeba gemu nzima. Ikabidi mengi yatupwe, na gemu ilipotoka Novemba 2004 hadithi yake iliishia njiani. Wachezaji walinung'unika miaka mingi. Hayo ndiyo makato ya lazima, na huwa hayakuulizi unapenda nini.

Kingine wanachosahau wengi ni kwamba kukata si kufuta vitu peke yake, ni kuweka vikomo pia. Final Fantasy XIV ilitoka mwaka 2010 ikaanguka vibaya. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa kuifufua, alieleza baadaye kwamba humo kulikuwa na chungu cha maua chenye poligoni (vipande vidogo vinavyounda umbo kwenye skrini) nyingi kama za mhusika mzima. Chungu! Msanii aliyekichora simlaumu, alifanya kazi nzuri. Namuuliza aliyekuwa na ratiba: kikomo kilikuwa wapi? Iliwabidi waijenge upya, ikarudi Agosti 2013.

Kwa hiyo kila kitu kwenye orodha yenu kipewe tarehe. Ikifika na hakichezeki, kinatoka bila kikao. Msiunde kamati ya kukihurumia.

Wiki sita za mwisho timu ikikesha kidogo, kuna ubaya gani?

Mnaniuliza hili kila mara mkitarajia niseme "hakuna". Wakuu wa kampuni ya gemu ya CD Projekt walisema mwaka 2019 kwamba hawatamlazimisha mtu kukesha kwa ajili ya gemu yao, Cyberpunk 2077. Mwaka uliofuata, ikiwa imebaki miezi michache, wafanyakazi wakaamriwa siku sita kwa wiki. Oktoba ikatangazwa gemu iko tayari kwa kuchapwa kwenye diski, kisha tarehe ikasogezwa tena. Ilitoka Desemba 10, 2020, na Desemba 18 Sony ikaiondoa kwenye duka la PlayStation na kuanza kurudisha pesa za watu. Ilirudi dukani Juni 2021. Jasho halikupungua pale. Uamuzi wa mapema kuhusu mashine za zamani, PS4 na Xbox One, zilizoshindwa kuibeba vizuri, ndio uliohitajika.

Mtu aliyekesha anatengeneza hitilafu usiku na kuzitafuta asubuhi, nawe unamlipa mara mbili. Na mkikesha hata hivyo, ovataimu ilipwe kwa pesa. Piza si malipo.

Tupangie kazi zetu kwenye programu gani, Trello au Jira?

Swali hili tena! Ile ambayo timu itaifungua kila asubuhi. Msiniandikie tena mpaka mniambie nani anaifunga kadi ya kazi iliyokwisha: aliyefanya kazi, au aliyeipima.

Kuna injini mpya nzuri. Tuhamie, ingawa tuko katikati?

Hapana. Duke Nukem Forever ilitangazwa mwaka 1997 ikitumia injini ya Quake II, mwaka uliofuata ikahamia Unreal, na ilitoka mwaka 2011. Kama hamna hata hatua moja inayochezeka, tutazungumza.

Toleo letu la ndani, lile la gemu tunalojaribia wenyewe, linavunjika karibu kila Ijumaa. Kwa nini Ijumaa? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu kila mtu anaingiza kazi yake akiwa ameshavaa begi mgongoni. Fungeni mlango wa kuingiza kazi Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi timu nzima icheze kwa muda wa saa moja, mhasibu naye apewe padi ya kuchezea, na wewe usicheze: kaa nyuma yao uandike wanapokunja uso na wanapoikodolea macho skrini hawajui waende wapi. Aliyevunja toleo alitengeneze kabla hajashika kazi nyingine.

Na kama anayevunja kila mara ni bosi mwenyewe, mwondolee ruhusa ya kuingiza kodi. Atalalamika wiki moja.